Dinari Mbili za Msamaria

Somo: Matendo ya Mitume 28:1-6 na Luka 10:30-35



Mvua zimekaribia, nasi sote twayajua mambo ya majira haya. Majembe yatolewa, magugu yafyekwa, watoto wapelekwa machungani alfajiri, na wengi watalala vibandani mashambani ili mbegu zisiliwe na nguruwe. Majira ya kilimo ndiyo majira ya nyoka pia. Kwa hiyo tumeona yafaa mwezi huu kuwaandikia habari za mtu aliyeumwa na nyoka mwenye sumu, na habari za gharama ya kumponya. Msistaajabu mkiona neno kama hili katika gazeti la Kanisa. Maandiko yenyewe hayakulinyamazia.

Luka asimulia kwamba merikebu iliyomchukua Paulo ilivunjika karibu na kisiwa cha Malta, na watu wote 276 waliokuwamo wakafika pwani salama. Wenyeji wakawaonea huruma, wakawasha moto, maana mvua ilikuwa ikinyesha na baridi ilikuwako. Paulo alikuwa mfungwa, tena alikuwa amechoshwa na dhoruba ya siku nyingi. Hata hivyo hakukaa tu akiota moto, bali alikwenda kukusanya kuni. Ndani ya kuni hizo alikuwamo nyoka, naye alipopatwa na joto alitoka, akaushika mkono wa Paulo.

Tuangalie vema hapo. Nyoka hakumkuta Paulo katika uovu, alimkuta kazini, tena katika kazi ya kuwahudumia wenzake. Lakini wenyeji walipomwona yule mnyama amening'inia mkononi, walitoa hukumu papo hapo kwamba mtu huyu ni mwuaji, ameokoka baharini lakini kisasi kimemfuata hata nchi kavu. Wakangoja avimbe au aanguke. Walipoona hakudhurika, waligeuza hukumu yao, wakasema kwamba yeye ni mungu. Mara ya kwanza walikosea, na mara ya pili walikosea vile vile, maana walimtazama nyoka wakadhani kwamba wanaisoma hukumu ya Mungu. Paulo hakuwa mungu. Na kama tukisema juu ya damu aliyoshiriki kuimwaga zamani, siku alipouawa Stefano, dhambi hiyo ilikuwa imekwisha kusamehewa na Bwana mwenyewe. Nyoka hatumwi kudai deni ambalo Kristo amekwisha kulilipa.

Katika habari hii twataka kujifunza mambo matatu: Aliyeumwa asihukumiwe, aliyeumwa asicheleweshwe, na aliyeumwa asiachwe peke yake na gharama yake. Hilo la tatu ndilo kubwa kwetu leo, nalo ndilo lililotufanya tushike kalamu.

Neno la kwanza: Aliyeumwa asihukumiwe.

Katika sharika zetu maneno ya watu wa Malta bado yasikika. Mtoto akiumwa, watu huuliza mama yake amemkosea nani. Mkulima akiumwa, huulizwa ni nani aliyemtumia nyoka huyo. Na akiumwa mtu aliyegombana na jirani yake juu ya mpaka wa shamba, hapo hakuna hata anayeuliza, maana kila mtu ajiona amekwisha kujua. Maneno hayo yana ubaya wa namna mbili. Yamtia mgonjwa sumu ya pili, nayo yawapa wengine udhuru wa kutomsaidia. Kwani nani atatoa fedha yake ili kushindana na laana?

Basi tuwatazame hao wanaoumwa, ni watu gani. Shirika la Afya Duniani lakadiri kwamba kila mwaka watu wapata 5,400,000 huumwa na nyoka duniani pote. Kati yao 1,800,000 hadi 2,700,000 huingiwa na sumu, na 81,000 hadi 138,000 hufa. Wanaobaki na kilema, kwa kukatwa kiungo au kwa njia nyingine, ni kama mara tatu ya hao wanaokufa. Katika Afrika peke yake wanaohitaji kutibiwa ni 435,000 hadi 580,000 kila mwaka. Wengi wao ni wakulima, ni wachunga mifugo, ni wanawake waendao kutafuta kuni na kuteka maji, ni watoto. Je, hao wana dhambi kuliko wakaao mjini katika nyumba za saruji? Bwana Yesu alipowataja wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, alikana kwamba hao walikuwa wakosaji kupita wengine. Basi nasi tukane vivyo hivyo.

Kifutu ana rangi ya mchanga na majani makavu. Asikiapo hatua za mtu hakimbii kama nyoka wengine. Hutulia akiitumaini rangi yake, na akikanyagwa huuma. Swila huingia nyumbani usiku akiwafuata panya, na mtu aliyelala chini akijigeuza juu yake, huumwa. Nyoka hajui jina la mtu, wala hana habari za ugomvi wa mpaka. Mwenye viatu vya kufunika kifundo cha mguu, mwenye taa mkononi, mwenye kulala kitandani ndani ya chandarua kilichochomekwa vizuri, na mwenye kufyeka uwanja wake na kuiweka nafaka mahali ambapo panya hawafiki, huyo amejikinga sana. Asiye navyo, mara nyingi amevikosa kwa umaskini wake, si kwa uovu wake.

Neno la pili: Aliyeumwa asicheleweshwe.

Wako wasemao: "Sisi tu watu wa imani. Je, Zaburi ya 91 haimwahidi mwenye kumtumaini Bwana kwamba atamkanyaga nyoka?" Twawajibu: Kumbukeni ni nani aliyeitumia Zaburi hiyo mbele ya Bwana Yesu. Mjaribu ndiye aliyeyaleta maneno yake, ili Yesu ajitupe chini kutoka kinara cha hekalu. Yesu alikataa, akaonyesha kwamba kumjaribu Mungu si kumwamini. Na mwaka 1527, tauni ilipoingia mji wa Wittenberg, Daktari Martin Luther aliwaandikia wachungaji wa Breslau waliokuwa wameuliza kama ni halali Mkristo kuikimbia. Katika waraka huo alifundisha kwamba Mungu ameziumba dawa na kutupa akili ili tuutunze mwili, na kwamba mtu azidharauye dawa huku akisema anamtegemea Mungu, huyo anamjaribu Mungu. Mwenyewe hakuondoka mjini. Alikaa akiwahudumia wagonjwa. Kwake imani na dawa hazikugombana, na kwetu zisigombane.

Tena ni lazima tujue sumu inavyofanya kazi, ili tuone kwa nini saa ni kitu cha thamani. Sumu ya kifutu huharibu nyama: mahali palipoumwa huvimba, hutoka malengelenge, na nyama yaweza kufa na kuoza. Sumu ya koboko huishika mishipa ya fahamu: kope hulegea, ulimi huwa mzito, kumeza hushindikana, na mwisho pumzi hukatika, na hayo yote yaweza kutimia katika saa chache tu. Sumu ya nyoka wengine huizuia damu isigande, hata mtu hutokwa na damu katika fizi na katika vidonda vya zamani. Swila naye huuma, na tena hutema sumu machoni.

Kwa sumu iliyokwisha kuingia mwilini kuna dawa moja iliyohakikishwa. Mwaka 1894 huko Ufaransa, Albert Calmette wa Taasisi ya Pasteur, na wakati huo huo Césaire Phisalix pamoja na Gabriel Bertrand, walionyesha kwamba mnyama aliyetiwa sumu kidogo kidogo hupata katika damu yake nguvu ya kuipinga, na ya kuwa maji ya damu hiyo yaweza kumlinda mwingine. Hata leo dawa hiyo hutoka katika damu ya wanyama, na hasa farasi. Hutiwa katika mshipa wa damu hospitalini, mahali ambapo daktari yuko tayari ikiwa mwili wa mgonjwa utaikataa. Haifai kupigwa nyumbani, wala haiuzwi sokoni kama vidonge vya kichwa.

Basi walimu na wainjilisti, wafundisheni watu mambo haya mpaka watoto wayajue kama wajuavyo amri kumi. Mtu akiumwa, aondolewe karibu na nyoka, wala watu wasipoteze muda kumwinda. Atulizwe, asikimbie, asitembee akiweza kubebwa. Pete, bangili na nguo za kubana zivuliwe kabla ya uvimbe. Kiungo kilichoumwa kifungiwe ubao au fimbo ili kisitikisike, kama wafanyavyo kwa mfupa uliovunjika. Akitapika, alazwe kwa ubavu. Akishindwa kupumua, apuliziwe pumzi kinywani njia nzima mpaka hospitalini, maana wako walioponywa hivyo. Aliyetemewa machoni aoshwe kwa maji mengi safi, kisha naye apelekwe. Wasimchanje kwa wembe, wasiinyonye sumu kwa kinywa, wasimfunge kamba ya kukata damu, wasimpe pombe wala mizizi ya kunywa. Kamba imekata miguu mingi ambayo sumu peke yake isingaliikata.

Najua wengi hulisifu lile jiwe jeusi. Jiwe hilo kwa kawaida ni mfupa wa mnyama uliochomwa. Hushikamana na jeraha kwa sababu hunyonya unyevu, na watu hudhani kwamba linavuta sumu. Hata wamisioni wengine waliligawa zamani kwa nia njema. Lakini sumu haingoji juu ya ngozi. Imekwisha kwenda zake ndani. Mbona basi wengine hupona? Hupona kwa sababu si kila nyoka aumaye ana sumu, na hata mwenye sumu mara nyingine huuma bila kuimwaga. Mtu wa namna hiyo angalipona hata kama angaliwekewa punje ya muhindi jerahani. Ila yule aliyeingiwa na sumu kweli, jiwe humpotezea saa zake, na saa hizo hazirudi.

Neno la tatu: Aliyeumwa asiachwe peke yake na gharama yake.

Sasa twafika kwenye jambo lenyewe. Mara nyingi twawalaumu watu tukisema, "Wajinga hawa, kwa nini wamekwenda kwa mganga wa kienyeji?" Na tusikilize kwanza.

Katika usharika mmoja mtoto wa mjane, umri wake miaka 11, aliumwa na kifutu jioni akirudisha mbuzi. Siku ya kwanza alifungwa kamba, akachanjwa, akawekewa jiwe. Siku ya pili mguu ulivimba hata paja. Siku ya tatu alichukuliwa hospitalini. Daktari aliandika dawa, lakini chupa zilizokuwapo hazikutosha, na nyingine ilibidi zinunuliwe mjini. Mbuzi waliuzwa wote, na kipande cha shamba kikawekwa rehani. Mtoto alipona, lakini mguu wake ulikatwa chini ya goti. Tulipokwenda kumtazama tulimwuliza mama yake kwa upole, "Mama, mbona hukumleta siku ile ile?" Akajibu, "Baba Mchungaji, njia niliijua. Nilichokosa ni cha kushika mkononi." Kisha akaongeza kwamba mganga wa kienyeji alikubali kuku mmoja, na wa pili baada ya mavuno.

Ndugu zangu, jibu hilo tulipime vizuri. Mama huyu hakukosa akili wala upendo. Alihesabu alichokuwa nacho, akaona kwamba mlango mmoja wafunguka kwa kuku na mwingine wafunguka kwa shamba, akaanza na ule wa kuku. Tukimhubiri juu ya ushirikina tukanyamaza juu ya gharama, tumemwambia nusu ya kweli.

Kwa nini dawa hii ni ghali? Kwanza, kazi yake ni ndefu. Sharti nyoka wafugwe na kukamuliwa sumu. Farasi watunzwe na kutiwa sumu hiyo kwa miezi mingi. Damu yao itolewe na kusafishwa. Na dawa nyingine zihifadhiwe katika baridi toka kiwandani mpaka kwa mgonjwa. Pili, dawa ya nyoka wa nchi moja huenda isimfae aliyeumwa katika nchi nyingine. Vital Brazil, daktari wa São Paulo, aliligundua jambo hilo zaidi ya miaka 100 iliyopita, alipoona kwamba dawa iliyotengenezwa kwa sumu ya nyoka wa mbali haikuwasaidia watu wa kwao. Kwa hiyo dawa iliyofanywa kwa nyoka wa India si ya kutumainiwa kwa nyoka wa Afrika, hata ikiwa rahisi. Tatu, chupa moja mara nyingi haitoshi. Chupa yaweza kuuzwa kwa makumi ya dola, na mtu aliyeumwa na koboko aweza kuhitaji chupa kumi au zaidi. Wala mtoto hapunguziwi kwa udogo wake, maana nyoka hakumpunguzia sumu. Dawa yake ni kadiri ile ile ya mtu mzima.

Tena liko jambo la huzuni zaidi. Wanaoihitaji ni maskini, nao maskini hawawezi kununua. Na kwa kuwa hawanunui, watengenezaji huiacha kazi. Na wakiiacha, dawa hupungua na bei hupanda. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa dawa iliyoitwa FAV-Afrique, iliyotengenezwa Ufaransa kwa ajili ya nyoka wa Afrika. Kuitengeneza kulikoma mwaka 2014, na akiba ya mwisho ilimaliza muda wake mwezi wa Juni 2016. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliandika kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa ya nchi za joto yaliyosahauliwa, na mwaka 2019 likatoa mpango wa kupunguza vifo na vilema hivyo kwa nusu kufika mwaka 2030. Twashukuru kwa hayo. Lakini yeye aumwaye leo jioni hawezi kuungoja mwaka 2030.

Na sasa twataka kusema neno lililo gumu kidogo, nanyi mlipokee kwa upendo. Kama mtoto yule angalikufa, ingalikuwaje? Siku ile ile kengele ingalipigwa. Wazee wangalipita nyumba kwa nyumba. Mmoja angalileta unga, mwingine maharagwe, mwingine mbao za jeneza. Kwaya ingalikuja, ng'ombe angalichinjwa, na rambirambi ingaliandikwa daftarini jina kwa jina. Hilo ni jambo jema, wala hatulikatazi. Kumzika mfu kwa heshima ni kazi ya Kikristo. Lakini tujiulize mbele za Mungu: Ikiwa mikono yetu yafunguka upesi hivyo kwa ajili ya kaburi, kwa nini imefumbwa siku tatu kabla yake? Fedha ya matanga yaweza kuwa ilitosha kununua dawa. Tumekuwa watu wa kuwahi maziko na kuchelewa uhai.

Katika Katekisimo Ndogo, maelezo ya amri ya tano yatufundisha kwamba hatuishiki amri hiyo kwa kutomwua mtu tu. Twaishika tunapomsaidia jirani yetu katika shida zote za mwili wake. Basi mtu aliyeona mtoto anavimba, naye ana cha kutoa, akanyamaza akingoja matanga, na aisome tena amri hiyo kwa kutetemeka.

Sasa mtazameni Msamaria. Tumezoea kumsifu kwa huruma yake, na kwa mafuta na divai aliyotia jerahani. Lakini Bwana Yesu hakuishia hapo katika kusimulia. Alitaja punda, yaani njia ya kumfikisha mgonjwa. Alitaja nyumba ya wageni, yaani mahali pa kutunzwa. Alitaja fedha, tena kwa hesabu, dinari mbili. Nasi twajua kutoka Mathayo 20 kwamba dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku moja. Kisha alitaja ahadi, kwamba kitakachozidi, Msamaria atakilipa atakaporudi. Mwenye nyumba aliweza kuanza kazi mara moja bila hofu, maana mtu wa kuaminika alikuwa amekwisha kujitia dhamana. Na yule aliyejeruhiwa alipozinduka, hakukuta deni kando ya kitanda chake.

Hivyo ndivyo twawaomba wazee wa sharika, walimu na wainjilisti wafanye kabla mvua hazijashika.

Kwanza, ulizeni sasa, si usiku wa msiba: Ni hospitali ipi iliyo karibu yenye dawa ya sumu ya nyoka, na yenye daktari ajuaye kuitumia? Zahanati ya karibu huenda haina. Kila baraza la wazee na lijue jibu, nalo litangazwe ibadani na kubandikwa mlangoni pa kanisa.

Pili, tafuteni punda wa Msamaria. Katika sehemu za kusini-mashariki mwa Nepal, mwanzoni mwa karne hii, watu wa vijiji walijitolea kuwachukua walioumwa kwa pikipiki zao moja kwa moja hospitalini, na vifo vilishuka kutoka watu 10 na zaidi katika kila 100 hadi kama mtu 1 katika kila 200. Sisi nasi tunao vijana wa pikipiki katika kila kijiji. Na wapatikane wawili au watatu wenye kukubali kuamshwa usiku, na mafuta yao yalipwe na usharika. Mgonjwa akae katikati, na mtu wa tatu nyuma yake amshike.

Tatu, wekeni dinari mbili. Tufanye hesabu. Usharika wa nyumba 200, kila nyumba ikitoa ujira wa siku mbili kwa mwaka, utakuwa na ujira wa siku 400. Hakuna mjane awezaye kuupata peke yake usiku mmoja. Lakini hakuna nyumba itakayolala njaa kwa sababu ya siku mbili zilizogawanywa katika mavuno mawili. Asiye na fedha alete debe la mahindi. Mfuko huo uwe na daftari lake, wenye kuutunza wawe watatu, na hesabu isomwe mbele ya watu wote. Wala usichunguze kama aliyeumwa ni Mlutheri, au Mwislamu, au mtu asiye na dini. Maana Msamaria hakumwuliza yule mtu kabila lake. Jambo hili si ndoto. Huko Watamu, katika pwani ya Kenya, uko mfuko wenye jina la James Ashe, bwana aliyeishi na nyoka na kuwajua sana, nao umewapatia dawa bila malipo watu wa vijiji wasioweza kuinunua. Kama wapenda nyoka wameweza, watu wa Kristo wasiweze?

Nne, andikeni barua kwa hospitali hiyo, ikiwa na muhuri wa usharika na sahihi za wazee, kwamba mtu wetu akiletwa ameumwa, na aanze kutibiwa, nasi tutakuja kulipa kwa kadiri ya mfuko wetu. Barua hiyo ndiyo ahadi ya Msamaria. Bali iwe ya kweli; maana ahadi ya Kanisa isiyolipwa ni aibu kwa jina la Bwana, nayo itamfungia mlango mgonjwa atakayekuja baadaye.

Wapendwa, kwa nini tufanye haya? Si kwa kujipatia sifa, wala si kwa kununua wokovu. Sisi wenyewe tuliumwa. Tangu bustani ya Edeni sumu ya yule nyoka wa zamani imo katika damu yetu, na hakuna mganga wala jiwe lililoweza kuivuta. Waisraeli walipoumwa jangwani, Mungu alimwagiza Musa aisimamishe nyoka ya shaba, na kila aliyeitazama aliishi. Bwana Yesu alimfundisha Nikodemo kwamba Yeye mwenyewe atainuliwa vivyo hivyo. Aliinuliwa msalabani, sumu yetu ikamwingia Yeye, Naye akafa kwayo, ili damu yake iwe dawa yetu. Hatukuulizwa tuna mbuzi wangapi. Hatukuwekewa deni kando ya kitanda. Gharama yote ilichukuliwa na Yeye, tena mapema, tulipokuwa tungali adui zake.

Mtu aliyeponywa hivyo hawezi kusimama kando ya kitanda cha jirani yake na kusema, "Hayo ni yake." Basi Jumapili ijayo, baada ya ibada, wazee wabaki kidogo. Leteni daftari jipya, liandikwe mwaka juu yake, na mtu mmoja aanze kuweka dinari zake mbili mezani. Wengine watamfuata.

Bwana aliyekuwa na Paulo katika kisiwa cha Malta awalinde watoto wenu machungani, na wakulima wenu katika nyasi. Na ikiwa mmoja wao ataumwa, ajalie ya kwamba akifika hospitalini akute upendo wenu umetangulia kufika. Amina.